Wamenibadilishia sumu mara tatu mwaka huu, kaka niache gemu?

Shikamoo kaka. Samahani barua ni ndefu ila naomba uisome yote maana nimekaa nayo wiki mbili na hapa hakuna wa kumwambia, nikimwambia mchumba wangu anasema si ni gemu tu, na bro wangu mkubwa ndo kabisa hataki hata kusikia.

Mi nina miaka 26, niko Morogoro, nina steshenari ndogo ya kuchapa na kutoa kopi, na kompyuta ya dukani ndo hiyo hiyo naichezea usiku nikishafunga. Gemu lenyewe silitaji jina, ni haya ya mtandaoni ya kujenga mhusika, unaanza huna kitu, unapanda leveli, unatafuta silaha, mnajiunga chama mnaenda kupiga mabosi, yale maadui makubwa ya gemu, pamoja. Nalicheza mwaka wa tatu sasa. Intaneti yangu ni bando la usiku, pingi, yaani milisekunde za data kwenda na kurudi, ikiwa nzuri ni 190, ikiwa mbaya inagonga 260, seva zenyewe, zile kompyuta zinazoendesha gemu, ziko Ulaya.

Kwahiyo tangu mwanzo nilijua kuna vitu siviwezi. Mpiga upanga siwezi, maana ukimuona bosi ananyanyua mkono ujue kule kwa seva ameshakupiga zamani. Nilihangaika na wahusika wanne, wote nawafuta, mpaka nikaangukia kwa mpiga mishale wa sumu. Huyu unampiga bosi mshale mmoja, sumu inaingia inamla taratibu, wewe unakimbia zako unajificha, unarudi unaongeza mwingine, sumu inajirundika juu ya sumu. Haitaki wepesi wa kidole, inataka hesabu na uvumilivu. Kaka, kwa mara ya kwanza nikawa mzuri kwenye kitu. Chama chetu tuko 14, wengi wa Bongo, wanne Wakenya, na kapteni ni Mtanzania anafanya kazi Muscat, na ikifika bosi mgumu kapteni anauliza kabisa, mtu wa sumu yupo? Hiyo sauti naikumbuka mpaka nikiwa nachapa barua za watu mchana.

Kuna upinde mmoja wa sumu, unahitaji vipande 20 vya pembe na bosi wake anatoa kimoja kwa wiki. Wiki 20. Kuna siku niliumwa malaria nikaamka saa saba usiku kwenda kuchukua kipande changu nikarudi kulala. Nikaupata mwezi wa kwanza, nikaongeza na hela yangu 62,000 nikanunua kifurushi cha podo na vazi lake.

Mwezi wa pili ikaja apdeti, wamepunguza dameji ya sumu, yaani nguvu yake ya kuumiza, kwa asilimia 30. Nikaumia ila nikasema sawa. Mwezi wa tano wakarudisha asilimia 10, wakasema walikata sana. Nikafurahi, nikaanza kujipanga upya, nikasotea pete inayoendana na hesabu mpya. Sasa wiki mbili zilizopita imekuja apdeti nyingine, bando langu lote la siku tatu limeishia kushusha tu, na kuja kufungua nakuta sumu haijirundiki tena. Sasa hivi eti bosi anang'aa kijani kwa sekunde 0.4 na ndani ya hapo ubonyeze ndo sumu ipasuke, usipowahi inayeyuka yote unaanza moja. Wameandika kwamba wanataka mchezaji wa sumu awe anashiriki zaidi kwenye pambano.

Kaka nimejaribu siku tisa. Kati ya mara kumi nawahi moja, mbili nikibahatisha. Watu wa Ulaya naona video zao wanasema sumu sasa hivi ni tamu kuliko mwanzo.

Jumamosi iliyopita kapteni akanitoa kwenye kikosi cha reidi, yaani cha kwenda kupiga bosi mkubwa, akasema kwa upole tu, bro ngoja kwanza uizoee au ubadilishe mhusika. Nikanyamaza. Ila kuna jamaa yangu wa Mombasa, huyo ndo tulianza wote leveli ya kwanza, akasema kwenye sauti, kwani shida iko wapi mbona mimi nilijaribu sumu nikaiweza, ni mazoezi tu. Yeye ana faiba nyumbani, intaneti ya waya. Nikalipuka. Nikamwambia maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa, nikamtukania na familia, watu 13 wanasikia, nikatoka. Hajanitafuta, mi pia sijamtafuta.

Sasa naomba unisaidie. Niache gemu? Nianze mhusika mwingine wakati najua nao watamkata tu? Au ni kweli mi ndo mzito wa mkono na najitetea? Nimechoka kujenga nyumba kwenye mchanga wa mtu.

Mtu wa Sumu, Morogoro

---

Marahaba mdogo wangu.

Nimeisoma barua yako mara mbili na mara ya pili nilisimama pale uliposema sekunde 0.4 na pingi 190, nikachukua karatasi nikapiga hesabu, naomba tuanze na hiyo kabla ya kitu kingine chochote maana swali lako la mwisho ndo linalokula usingizi wako.

Sekunde 0.4 ni milisekunde 400. Pingi 190 maana yake safari ya kwenda na kurudi inakula milisekunde 190, yaani mng'ao unakufikia umechelewa kama 95, na kidole chako nacho kinaifikia seva kimechelewa 95 nyingine. Toa hizo, umebakiwa na 210. Sasa mtu mzima wa kawaida akiona mwanga na akaambiwa abonyeze, macho na ubongo na kidole vinachukua kama milisekunde 200 mpaka 250, huyo hajachoka, hajashinda anatoa kopi dukani tangu asubuhi. Umeona? Hata ungekuwa na mkono wa ajabu, dirisha ulilopewa linafungwa pale pale binadamu anapoanza kusogea. Na usiku ule pingi ikigonga 260 unabaki na 140, hapo karibu hakuna mtu duniani anayewahi kwa kuona, ni kubahatisha tu. Mwenzako wa Ulaya mwenye pingi 20 anabaki na 380, kwake ni kamchezo katamu kweli, hadanganyi kwenye video yake. Na jamaa yako wa Mombasa mwenye faiba sijui anapata ngapi ila itakuwa chini yako na haipandi na kushuka kama ya bando, ndo maana aliiweza.

Kwahiyo hapana, huna mkono mzito. Hiyo iondoe moyoni leo.

Na wala usidhani ni suala la kununua bando kubwa zaidi. Data zetu zinapita kwenye nyaya za chini ya bahari, SEACOM iliyowashwa 2009 na EASSy ya 2010 zote zinatua Dar, na kutoka hapo mpaka Ulaya njia ya waya ni maelfu ya kilomita kupitia Bahari ya Shamu. Mwanga ndani ya waya unakwenda kama kilomita 200,000 kwa sekunde, kwahiyo ukichukulia njia ya kilomita 10,000, kwenda na kurudi tu ni milisekunde 100 zimeondoka kabla hujahesabu mnara wa simu na mitambo yote ya katikati. Hela haikuondolei hizo 100. Ni umbali.

Sasa turudi kwenye hasira yenyewe, maana umeweka apdeti zote tatu kwenye kapu moja na mi naona hazifanani kabisa.

Ile ya mwezi wa pili, kukatwa asilimia 30, inauma lakini ni kitu cha kawaida kwenye haya magemu na nitakwambia kwa nini wanafanya. Silaha moja ikizidi sana, watu wote wanahamia huko, wengine wanakosa nafasi kwenye vikosi, mabosi wanakufa kabla hawajafanya kitu. Utasema si wawaongezee nguvu wengine tu wasimkate mtu? Nami niliwahi kuwaza hivyo miaka mingi. Ila wakiongeza kwa wote, bosi anakuwa mlaini, inabidi naye aongezwe, kisha silaha mpya zizidi za zamani, na namba zinapanda kama bei za sokoni. World of Warcraft, gemu la aina hii hii, ilitoka 2004 na kufika 2014 namba za dameji zilikuwa zimevimba mpaka wakalazimika kuzibana zote kwa mpigo, na 2020 wakashusha leveli ya juu kutoka 120 mpaka 60. Kwahiyo kukata hapa na pale kuna sababu.

Kwamba uliumia sana hata hivyo, hilo nalo si utoto, na mchumba wako umweleze hivi. Mwaka 1979 watafiti wawili, Daniel Kahneman na Amos Tversky, waliandika kwamba kupoteza kitu kunamuuma mtu zaidi ya raha anayopata kwa kupewa kitu cha kiasi kile kile. Na watengeneza magemu wanalijua hili vizuri. Hiyo hiyo World of Warcraft, ilipokuwa bado kwenye majaribio, waliweka sheria kwamba ukicheza muda mrefu bila kupumzika pointi unazopata zinakatwa nusu, watu wakaichukia. Wakageuza maneno, wakasema ukipumzika utapata mara mbili, muda ukiisha unarudi kawaida. Hesabu ile ile karibu, watu wakafurahi. Sasa wewe wiki 20 za pembe, usiku wa malaria, halafu asilimia 30 inaondoka kwa mstari mmoja wa maandishi. Lazima iume.

Ile ya mwezi wa tano walijirekebisha. Hapo sina neno, isipokuwa nikuombe kitu kimoja, apdeti ikija kaa wiki mbili tatu hujasotea chochote. Namba za siku ya kwanza mara nyingi hazidumu, wanaangalia, wanarekebisha tena. Ile pete uliisotea mapema mno.

Hii ya sasa ndo nyingine kabisa. Hapa hawakukata makali, wamebadilisha namna ya kucheza, wamechukua kitu ambacho watu wa aina yako walikichagua kwa sababu kilikuwa hakitaki wepesi, wakakifanya kitake wepesi. Sidhani walikaa wakasema tuwaondoe watu wa Afrika Mashariki. Nadhani waliojaribu wote walikaa karibu na seva, hakuna aliyewahi kucheza na 190, kwahiyo hawakuona. Lakini kutokuona hakuwaondolei wajibu, na hapa mdogo wangu mi niko upande wako moja kwa moja na nina hasira pia, maana mlango pekee uliokuwa wazi kwa wenye intaneti ya mbali umefungwa kwa jina la kushiriki zaidi. Wewe ulikuwa unashiriki. Kuhesabu sumu na kujua saa ya kukimbia ni kushiriki.

Na usikubali mtu akwambie kulalamika hakusaidii. Novemba 2012 RuneScape ilibadilisha mfumo mzima wa kupigana, watu wakaondoka kwa wingi, na waliobaki wakadai gemu lao la zamani. Kampuni ikaitisha kura, zikapigwa zaidi ya laki nne, na Februari 2013 ikafunguliwa seva ya toleo la 2007, na huko mpaka leo mabadiliko makubwa yanapigiwa kura na wachezaji wenyewe, miaka mingi ilitakiwa asilimia 75 ya kura ndo kitu kipite, baadae wakashusha kuwa 70. Julai 2023 Diablo IV, ikiwa na mwezi na kidogo tu tangu itoke, ilitoa apdeti iliyokata karibu kila mtu, kelele zikawa kubwa mpaka watengenezaji ndani ya siku chache wakaja kwenye matangazo ya moja kwa moja kukiri na kuahidi hawatatoa apdeti ya namna ile tena. Kuna na waliokataa kusikia. Star Wars Galaxies mwaka 2005 ilichukua fani zaidi ya 30 ikazifanya 9, watu waliokuwa wamejenga maduka na majina yao kule wakaamka siku moja kazi yao haipo, wengi hawakurudi, na 2011 seva zikazimwa. Hao wachezaji walikuwa wanasema kitu kile kile unachosema wewe kuhusu nyumba na mchanga.

Kwahiyo andika. Ila usiandike kama ulivyoongea Jumamosi. Kampuni zinapokea barua nyingi za nyie ni wezi mmeua gemu na hazisomi, na mi ningekuwa kule nisingesoma pia. Anza na pingi yako, mstari wa kwanza, pingi 190 niko Tanzania. Weka ile hesabu ya 400 kutoa 190. Rekodi video fupi ya mara kumi, pingi ikionekana kwenye kona, usiweke muziki. Kisha omba kitu kinachowezekana, usiombe warudishe kila kitu. Omba dirisha lirefuke kulingana na pingi ya mtu, au seva ipime kwa kile ulichokiona wewe kwenye skrini yako badala ya saa yake yenyewe, hayo mambo yanafanyika kwenye magemu mengine hasa ya kupigana risasi. Na kama hawawezi kabisa, waombe warudishe pembe zako 20 ili uchague silaha nyingine, maana kukubadilishia kitu mpaka kikawa kingine bila kukurudishia ulichotoa sio haki. Waombe na wenzako kwenye chama wenye bando waweke namba zao hapo chini. Barua ya watu sita wenye pingi zimeandikwa inasomeka tofauti na ya mmoja mwenye hasira.

Ile 62,000 sahau, sidhani kama itarudi, na kuanzia leo hela usiitoe kwa kitu kinachotegemea nguvu ya silaha. Ukitaka vazi nunua vazi kwa sababu unalipenda, hilo hawalikati.

Kuhusu kuacha, mi sikwambii uache na sikwambii ukae. Ila nakuomba usiamue wiki hii. Jipe apdeti mbili. Katika muda huo usianze kusotea mhusika mwingine wa mbele anayesifiwa mwezi huu, maana hao ndo wanaokatwa wa kwanza na wewe utaumia mara ya nne. Mwambie kapteni akupe kazi isiyotaka wepesi, vyama vingi vinakosa mtu wa kuwapa wenzake nguvu na kinga, mtu anayekaa nyuma anapanga na kuhesabu. Hiyo kazi inataka kile kile ulichokuwa nacho kwenye sumu, na kapteni hajakutupa, alikwambia ngoja, ukisikiliza vizuri. Apdeti mbili zikipita hawajagusa dirisha na hawajajibu, na ukifungua kompyuta unajisikia kama unaenda kazini, basi funga. Hao watu 13 utawapata kwenye gemu lingine.

Isipokuwa mmoja, na hapa sikuungi mkono hata kidogo.

Jamaa yako wa Mombasa alikosea, ndio, alisema ni mazoezi tu na hakujua hesabu ya pingi. Lakini wewe pia hukuijua mpaka leo. Mtu hajui kitu unamtukania familia yake? Mbele ya watu 13? Miaka mitatu tangu leveli ya kwanza mdogo wangu, huyo hajakukata asilimia 30, aliyekukata ni mwingine, ila yeye ndo alikuwa karibu ukampiga yeye. Na kwa sababu ulitukana hadharani, kuomba radhi kwa siri peke yake hakutoshi. Mtafute kwanza yeye, mtumie sauti, usiandike, maana maandishi anaweza kuyasoma kwa hasira aliyonayo. Taja ulichosema bila kukizungusha, na usiingize habari za faiba wala za sumu kwenye huo ujumbe, neno ila lisiwepo kabisa. Akikujibu au asipojibu, Jumamosi ingia kwenye sauti ya chama kabla reidi haijaanza, sema nilimtukana ndugu yangu hapa mbele yenu, namuomba radhi hapa hapa, kisha nyamaza.

Hesabu ya pingi mwonyeshe siku nyingine akishatulia. Mwenye faiba akijaribu hiyo sumu kwa bando la simu usiku mmoja tu ataelewa mwenyewe, na yeye ndo atakuwa shahidi wako mzuri kuliko wote kwenye ile barua ya kampuni, maana ameicheza kwa pande zote mbili.

Tuma sauti leo, usisubiri bando la usiku.